Baba yuko njiani kwa miguu kwenda Kampala, sisi tuko Bahi: habari zilifikaje? (Uzi wa Vita vya Kagera)

Mwana_Bahi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Humu nyuzi za Vita vya Kagera ni nyingi mno. Kila mwaka ikikaribia Julai 25 zinafufuka: vifaru, mizinga ya roketi ya saba saba, nani aliingia Kampala wa kwanza, Gaddafi alileta watu wangapi. Sawa, tumesoma. Ila kuna upande sijauona ukiguswa, nao ni wa waliobaki nyumbani. Walijuaje kama mtu wao bado anapumua?

Mimi mzaliwa wa Bahi, Dodoma. Baba alikuwa mgambo, na mikoa ilipotakiwa kutoa watu mwishoni mwa 1978 naye akachukuliwa. Nilikuwa darasa la pili, kwa hiyo mengi ninayoandika ni ya mama na baba mdogo, pamoja na barua chache ambazo mama anazo mpaka leo.

Kumbukeni mtiririko wenyewe. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba, Novemba mosi akatangaza kwamba ardhi yote mpaka Mto Kagera ni yake, kesho yake Mwalimu Nyerere akahutubia taifa: sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Kwetu hotuba ile ilisikilizwa kwenye redio ya mwenye duka, watu wamejaa hadi nje. Baadaye baba akapanda treni. Tabora, Mwanza, kisha meli mpaka Bukoba. Kutoka hapo ni miguu. Januari 1979 Mutukula, Februari 24 Masaka, Machi Lukaya, Aprili 11 Kampala. Masaka mpaka Kampala peke yake ni kama kilomita 130, na mtu ana shanta mgongoni, bunduki, na buti zilizomchubua visigino mpaka akawa anazivaa bila kufunga kamba.

Sasa igeuzeni safari hiyo, muipe barua. Itoke porini, ipate gari linalorudi Bukoba, ivuke ziwa, ipande treni Mwanza, ipite Tabora, iteremke Dodoma mjini. Kijijini hakuna posta. Sanduku tulilolitumia lilikuwa la shule, na mwalimu mkuu alikuwa anakwenda mjini mwisho wa mwezi kufuata mishahara, ndipo anapitia posta. Barua ikitufikia imeshazeeka. Inasema "sisi wote wazima". Wazima wa lini?

Mama wakati ule kusoma kulikuwa kunampiga chenga, kisomo cha watu wazima alikuwa amekianza akakiacha. Lakini tarehe aliijua. Hakutaka salamu kwanza. Alikuwa anamwambia mwalimu, "Anza pale juu kulia." Tarehe ikishatajwa ananyamaza, anahesabu, anailinganisha na redio. Kama redio ilishatangaza Masaka na barua imeandikwa kabla ya Masaka, basi kwake ile ilikuwa barua ya mtu ambaye ALIKUWA mzima. Anashukuru, anaikunja, anaendelea kungoja.

Na ndani? Salamu tupu. Nanukuu moja:

"Kwako mke wangu mpenzi. Salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe na watoto mlio mbali na upeo wa macho yangu. Huku mvua inanyesha mchana na usiku. Yule ndama mwenye baka msimuuze. Nisalimieni wote wanaoniulizia."

Tarehe yake ni katikati ya Machi, siku chache tu baada ya Lukaya, pigano kubwa kuliko yote ya vita ile. Vita yote imekuwa mvua na ndama! Mimi naamini ile mvua ni fumbo, alikuwa anasema mizinga.

Msimamo wangu ni huu: barua za askari hazikuwa na habari. Habari zililetwa na watu. Madereva, majeruhi waliorudishwa, mpaka akina mama wauza kuku wa stesheni ya Saranda. Wenye ushahidi wa kunipinga au kuniunga mkono, karibuni.

---

Jogoo_wa_Majengo

Natandika mkeka hapa. Mods msiuunganishe uzi huu na ile mingine ya vifaru.

---

Mzee_wa_Ihumwa

Marahaba kijana. Binti yangu ndiye aliyenionyesha uzi huu na yeye ndiye anayenichapia, kwa hiyo mkiona makosa ni yake.

Nilikuwepo. Kikosi sitataja.

Kwanza mvua. Ile ilikuwa mvua. Machi na Aprili kusini mwa Uganda ni masika, na pale Lukaya barabara inakatiza kinamasi, mafunjo kushoto na kulia. Ukitoka barabarani unaingia majini. Baba yako ni mtu wa Ugogo, ametoka kwenye nchi ambayo mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuitazama. Asingeiandika angeandika nini? Usimtie maneno mdomoni.

Sasa kuandika. Ukiwa kwenye mwendo huandiki. Mnatembea, nafasi kati ya mtu na mtu, macho kwenye nyasi, unawaza mabomu ya kutega. Jioni ni kuchimba handaki. Ukimaliza kuchimba giza limeshaingia, na taa haiwashwi. Kwa hiyo barua ziliandikwa pale jeshi liliposimama. Nyingi za kwetu ziliandikwa Masaka, maana baada ya kuiteka tulitulia kidogo kabla ya kusogea mbele. Karatasi ya daftari, bahasha unaitengeneza mwenyewe kwa karatasi hiyohiyo na kuigandisha kwa ugali. Kalamu moja inazunguka mahandaki matatu, na mwenye kalamu siku hiyo ni mfalme.

Tuliambiwa mambo matatu: usitaje mahali, usitaje idadi, usitaje aliyekufa. Ukiyatoa hayo kwenye barua ya askari unabaki na nini? Unabaki na ndama.

Lakini hapo kwenye "barua hazikuwa na habari" sikubaliani na wewe. Mimi nilikuwa nikipata barua ya nyumbani naangalia mwandiko wa nani. Kama ni wa mdogo wangu, basi hajaenda shule ya bweni, maana yake ada haikupatikana, maana yake mavuno ni mabaya. Hakuna aliyeandika kwamba kuna njaa. Nilijua.

Na hizo za kutoka nyumbani zilikuwa na shida yake. Zinafuata kikosi, kikosi kimeshasogea. Mnakaa wiki hamna kitu, halafu siku moja linakuja fungu zima. Kombania inakusanyika, karani anasoma majina. Linaitwa jina, mtu anaitika, anapokea. Linaitwa jingine, kimya. Karani anaichomeka ile barua chini ya fungu bila kuinua uso, anaendelea na jina linalofuata. Sisi tuliosimama tunaangalia buti zetu.

Asiyepata barua anaazima ya mwenzake. Nilikuwa na rafiki wa Tukuyu, barua za mkewe nilizisoma mpaka nikajua ni mtoto gani anakojoa kitandani.

Saranda ni kweli. Wakati wa kwenda, treni iliposimama tuliwapa akina mama wa pale barua na senti za stempu kupitia dirishani. Wangeweza kuzila zile senti na nisingewalaumu. Yangu ilifika.

---

Kijana_wa_Nkuhungu

Shikamoo mzee, tunashukuru kwa nondo. Swali la kizazi cha sasa: kwani simu hazikuwepo kabisa? Na telegramu je? Nasikia ilikuwa inafika siku hiyohiyo.

---

Shangazi_Mvumi

Wewe mtoto wa Nkuhungu, telegramu ilikuwepo, na hakuna aliyeitaka. Simu za mezani zilikuwa mjini, maofisini na kwa wakubwa. Telegramu ilitozwa kwa neno, kwa hiyo mtu haandiki salamu. Mtu anaandika "fulani amefariki njoo". Ikionekana karatasi ile inakuja kijijini, mama wa askari anaanza kulia kabla haijafunguliwa. Mara moja ilikuwa inamwarifu mwalimu uhamisho wake, na tayari mji mzima ulishaangua kilio.

Mimi nataka kusema habari ya wasomaji, maana mwanzisha uzi amemgusa mwalimu akapita.

1979 nilikuwa darasa la sita, Mvumi. Nilikuwa msomaji wa barua wa kitongoji chetu. Bibi zetu na mama zetu wengi hawakusoma, na mwalimu wana aibu naye, hasa barua ikiwa ya mume. Kwa hiyo anaitwa mtoto. Unakaa kwenye kigoda, wenye barua wamekuzunguka, na jirani ambaye haimhusu naye amekuja "kuomba chumvi".

Nikagundua jambo mapema sana. Askari anaandika salamu kwa majina, na kila jina linasubiriwa. "Nisalimie baba, mama, kaka mkubwa, mke wangu." Shangazi yupo pale, hakutajwa. Uso unamshuka. Basi nikawa naongeza. "Na shangazi msimsahau." Hakuna aliyeniagiza, ila sikuona sababu ya mama wa watu kurudi nyumbani na uchungu kwa ajili ya jina moja. Tatizo ni kwamba wazee wasiosoma wana kichwa kama rekoda. Wiki mbili baadaye bibi anatoa barua ileile kwenye upindo wa kanga: "Hebu nisomee tena." Nikiruka salamu ya shangazi, bibi ananirudisha, "Umepitiliza hapo." Ikanibidi nizikariri nyongeza zangu zote.

Na majibu niliandika mimi. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kuna kijana wa pale, jirani yetu, yuko vitani, na Februari baba yake akafariki. Wazee wakakaa. Je, aambiwe? Mmoja akasema ni haki yake. Wengine wakasema mtu anayetembea kwenye risasi ukimwambia baba yake amekufa atatembea akiwa na mawazo, na mwenye mawazo haangalii chini. Ikakatwa kwamba asiambiwe mpaka arudi. Mimi mwenye kalamu nikaelekezwa, "Andika baba anakusalimu." Nikaandika. Barua iliyofuata nikaandika tena. Nilikuwa namwekea na maneno ya mzee, vile alivyokuwa anapenda kusema, ili isije ikaonekana kavu.

Kijana alirudi mzima. Alikuja na koti alilolinunua Kampala, la baba yake.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Bahi, baba yako alikuficha vita, na inawezekana kabisa na ninyi mlimficha mambo. Muulize mama.

---

Jogoo_wa_Majengo

Dah.

---

Tweve_wa_Makole

Shangazi hilo koti lilikwenda wapi?

---

Shangazi_Mvumi

Alivaa baba mkubwa wake. Lilimpwaya.

---

Kilimatinde_Yetu

Angalau ninyi mlikuwa na stempu. Niwarudishe nyuma kidogo, maana Ugogo tumepitiwa na majeshi mengi, tukaishia kukumbuka ya Amin tu.

Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Waingereza lenye Makaburu chini ya van Deventer liliingia Kondoa Irangi Aprili 1916, na Dodoma ikaangukia mikononi mwao mwisho wa Julai mwaka huohuo. Kabla yao Mjerumani alishachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Wao walipofika wakachukua tena. Mpagazi hakuwa na namba ya kikosi ya kuandikiwa, hakuwa na karatasi, na kwao hakuna msomaji. Akitoka na msafara, habari yake ya kwanza kufika nyumbani ni yeye mwenyewe akitokea. Wengi hawakutokea, na si kwa risasi. Kuhara, malaria, njaa na mzigo wenyewe.

Halafu waliobaki nao wakapatwa. Mikono ya kulima imekwenda, akiba imekwenda, mvua ikakataa. Ndiyo ile njaa wazee wanayoiita Mtunya, 1917 mpaka 1920. Wanahistoria wanasema ilikufa kama watu 30,000 katika Ugogo yenye watu wapatao 150,000. Kwa hiyo hata mpagazi aliyerudi akiwa hai alikuta nyumba haipo. Tunazungumza siku zote kana kwamba aliye hatarini ni askari na aliye nyumbani kazi yake ni kungoja. Hapa kwetu mwaka ule ilikuwa kinyume.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: askari weusi wa Mjerumani, wale wa von Lettow, hawakuwa na shida ya barua kwa sababu wake na watoto wao walikuwa nyuma yao kwenye msafara. Walitembea nao. Wengine walizaliwa njiani. Wakati wanasalimu amri kule Abercorn (sasa Mbala, Zambia) Novemba 1918, familia zilikuwepo pale.

Vita ya Pili ndiyo iliyoleta barua kwa wingi. Vijana wa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika, waliopelekwa Burma wengi walijifunzia kuandika jeshini. Lakini kila barua ilipita kwa mkaguzi kwanza, na mkaguzi hakuwa na haraka.

---

Mlima_Karanga

Niongeze dogo kutoka Kongwa. Kuanzia 1964 pale kwetu kulikuwa na kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO, SWAPO, ANC, MPLA na wengine. Hao ndugu zangu ndio walionyimwa barua kweli. Siyo kwamba posta haipo. Ukimwandikia mama yako Msumbiji au Afrika Kusini, barua yenye muhuri wa Tanzania inampelekea polisi mlangoni. Wengi walibadilisha hata majina. Walinunua karanga kwetu, walicheza mpira na sisi, baadhi wakaoa kabisa, na mama zao hawakuwa na habari wako nchi gani.

---

Mama_Wawili_Dom

Nimesoma kimyakimya toka jana, leo niseme na sisi wa siku hizi.

Mume wangu ni mwanajeshi. Amekwenda ulinzi wa amani zaidi ya mara moja, ikiwemo Kongo mashariki, upande wa Beni. Watu wakisikia tuna WhatsApp wanadhani tatizo lilikwisha. Jamani.

Mama yake Mwana_Bahi alikuwa na miezi ya kungoja. Mwezi wa kwanza bila barua ni kawaida, wa pili ni kawaida, kila mtu kijijini anajua njia ni ndefu. Mimi nikituma ujumbe asubuhi, mpaka saa nane mchana ni tiki moja ya kijivu, tayari sili. Wakienda doria simu zinaachwa kambini. Najua hilo, ameniambia mara mia. Moyo hauelewi.

Desemba 7, 2017 waasi waliposhambulia kambi ya Semuliki, tukapoteza askari wetu wasiopungua 14. Mume wangu alikuwa kambi nyingine. Nimejua lini? Siyo usiku ule. Habari ilianza kwenye makundi ya WhatsApp, picha ambazo hata si za pale, majina ya kubahatisha, sauti ya mtu asiyejulikana anasema "kikosi kizima kimekwisha". Mama mkwe ananipigia kutoka Mpwapwa, mimi nampigia mke wa mwenzake, yeye anapiga kwa wifi yake. Wote tunapigiana, hakuna anayejua. Watu wa jeshi wanafuata utaratibu wao, familia inaarifiwa kwanza ndipo itangazwe, na utaratibu huo ni wa busara, siupingi. Lakini mtandao haungojei utaratibu.

Alipopata nafasi akanitumia neno moja: "Nipo." Basi. Sikumjibu, niliweka simu chini nikaenda kudeki sebule ambayo nilikuwa nimeshaideki.

Sasa cheki jambo la kuchekesha. Kwenye simu za kawaida anaongea nini? "Fundi amemaliza paa? Ada ya mtoto umelipa? Ile mizabibu ya Hombolo imepogolewa?" Ndama mtupu! Nikimuuliza huko vipi, "Poa tu, mvua." Na mzee wa Ihumwa atasema ni mvua kweli, na kweli Beni ni mvua, kule ni msitu.

---

Mzee_wa_Ihumwa

Ni mvua kweli mwanangu.

---

Kuruta_Mstaafu

Sisi wa JKT ya mujibu wa sheria tuhesabiwe au? Makutupora 834 KJ, nimetoka kidato cha sita, simu zimekusanywa siku ya kwanza. Mama yangu Singida alilia wiki nzima, kisha akatafuta namba ya mtu anayemjua mtu mwenye duka karibu na geti. Nikiwa kwenye mchakamchaka saa kumi na moja alfajiri, kumbe mama anamuuliza mwenye duka kama leo amenisikia nikiimba. Na yule jamaa anamjibu, "Ndiyo mama, nimemsikia, sauti ipo."

Hajawahi kuniona hata kwa sura.

---

Tweve_wa_Makole

Hahaha huyo mwenye duka ni shangazi wa Mvumi wa kiume.

---

Mchumi_Area_C

Sipingi simulizi, ni tamu, ila mnaipamba sana barua. Barua ilikuwa mbaya! Inachelewa, inapotea, inasomwa na watoto wanaoongeza chumvi (samahani shangazi). Leo mke anapata hela ya matumizi kwenye simu mume akiwa nchi nyingine. 1979 askari aliyetaka kumtumia mkewe fedha alitegemea mani oda, na mani oda inataka posta, kitambulisho, na nauli ya kwenda mjini. Ukiuliza akina mama wenyewe wangechagua nini, hakuna atakayechagua bahasha ya ugali.

---

Mwana_Bahi

Mchumi, hakuna aliyesema barua ni bora. Nilichosema haikubeba habari, na mpaka sasa wanaonipinga ni mzee na mwandiko wa mdogo wake. Hilo nakubali ni hoja nzito. Nimekwenda kumwangalia mama barua zake kwa jicho hilo, na barua mbili za Aprili si mwandiko wa baba. Mama anasema alijua tangu siku ile ilipofika. Alimwuliza mwalimu, "Hii kaiandika nani?" Mwalimu akasema hajui, mama akakaa na hofu kwamba mkono wa baba umekatika. Baba alikuwa na homa kali, akamwandikisha mwenzake. Hakuieleza hiyo homa kwenye barua, ila mwandiko ulimsema.

Kuhusu mvua sijashawishika. Mzee naheshimu, lakini hukuwa handaki moja na baba.

Shangazi, nimemuuliza mama kama walimficha baba jambo. Amecheka, akasema nisimsumbue, aniletee chai.

Swali kwa mzee: vita iliisha Juni 1979 tulipofika mpaka Arua. Baba alirudi mwaka huo, lakini kuna jirani yetu hakurudi mpaka 1981. Barua za kipindi kile zilikuwaje?

---

Mzee_wa_Ihumwa

Mimi nilikuwa mmoja wa waliobaki. Baada ya Kampala ilikuwa Jinja, Tororo, Lira, Gulu, mpaka mpakani na Sudan. Huko kaskazini barua zilipungua sana kwa sababu ya umbali, kila hatua mbele ilikuwa hatua nyingine ya barua kurudi nyuma. Kisha wengi wakarudishwa, sisi tukabaki kulinda mpaka 1981 ndipo tulipoondoka.

Hapo mambo yalibadilika. Tuko mjini, posta ipo, magari yanakwenda na kurudi. Ungetarajia barua ziongezeke. Zikapungua. Wakati wa mwendo kila mtu aliandika kwa sababu hakujua kama kesho ataandika. Ukishajua kesho ipo, unasema nitaandika kesho. Na niseme tu kwa kuwa binti yangu anayechapa ni mkubwa: kuna waliopata wenzao kule. Barua ya nyumbani ikaanza kuwa nzito kuliko shanta.

Nyumbani nako hali ilikuwa ngumu. Mwalimu alishatangaza tufunge mikanda miezi 18, na ile 18 mnajua ilivyorefuka. Mke anaandika sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya taa hakuna, wewe uko Kampala unaona vitu dukani. Kipindi hicho ndipo barua zilipokuwa na habari, kijana wa Bahi. Zilikuwa wazi mno. Nilizitamani zile za ndama.

---

Mama_Wawili_Dom

Mzee asante kwa kusema ukweli. Watu huwa wanaishia Kampala kwenye shangwe.

---

Shangazi_Mvumi

Na sisi wasomaji hizo za 1980 tulizisoma tukiwa tumeinamisha kichwa. Kuna moja nilimwambia mama mwenye barua, "Hii mwandiko wake haueleweki, mpelekee mwalimu." Ulikuwa unaeleweka vizuri tu.

---

Kijana_wa_Nkuhungu

Mwana_Bahi hizo barua zipige picha mapema, za pande zote mbili na bahasha zake, mihuri ya posta ionekane. Usizitie kwenye plastiki ya moto, zitakwisha. Bahasha ya karatasi kavu, mbali na mchwa. Dodoma mchwa wanakula hadi mlango.

---

Mwana_Bahi

Nimeshaanza leo mchana. Zile zilizogandishwa kwa ugali zina vidonda pembeni, mende walishapita.

---

Kintinku_Stesheni

Mzee wa Ihumwa, shikamoo. Nimejisajili kwa ajili ya uzi huu. Kaka yangu mkubwa alipandia treni Kintinku, alikuwa mgambo, mrefu, ana kovu la moto mkono wa kushoto, anapiga zeze. Barua yake ya mwisho kwetu ni ya Februari 1979, mwandiko wake mwenyewe. Jeshi lilituarifu, na jina lake liko kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya, tulikwenda Muleba tukaliona. Hilo limekwisha. Ninachotaka ni mtu aliyetembea naye. Yule aliyekuwa akisoma majina alipoita la kwake, kulikuwa na barua yetu pale, mama aliipeleka Machi. Mlizifanya nini zile zilizowekwa chini ya fungu?

---

Mzee_wa_Ihumwa

Marahaba mdogo wangu. Mpiga zeze wa Kintinku namjua, hakuwa kombania yetu lakini tulikutana naye Masaka. Zile barua za chini ya fungu zilifungwa kwa kamba zikarudishwa nyuma na gari la majeruhi, baada ya hapo sijui. Mengine siyaweki hapa. Njoo PM, weka namba, binti atakupigia kesho baada ya saa kumi.